Kitabu Kilipogeuka Tabu

Neno lililonifumbua macho ni "kitabu". Nililisoma "tabu". "Watoto" wakawa "toto", "walimu" wakawa "limu". Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Morogoro miaka 31, najua lugha yetu inavyoanza maneno na viambishi vyake. Sasa kila neno lilinijia limekatwa kichwa.

Kiharusi kilikuwa kimepita wiki tatu kabla. Mguu na mkono vilirudi kwa jasho la kijana wa mazoezi ya viungo, Mungu ambariki. Lakini hakuna aliyeniuliza naona mpaka wapi. Dukani waliniuzia miwani mipya, na bega la kushoto likaendelea kugonga kila mwimo wa mlango.

Macho yangu ni mazima; kilichoumia ni ubongo. Picha hupokelewa kisogoni, nyuma ya ubongo, na nusu ya kulia ya ubongo hupokea yaliyo kushoto kwa macho yote mawili. Gordon Holmes, daktari wa jeshi la Uingereza, aliichora ramani hiyo kutokana na askari waliojeruhiwa kisogoni katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ni elimu ya zaidi ya miaka 100! Tena mgonjwa haoni giza. Upande uliopotea haupo tu, kama usivyoona kilicho nyuma yako.

Baada ya miezi mitano, daktari mmoja wa macho aliketi mbele yangu. "Mwalimu, niangalie puani," akasema, akachezesha vidole huku na huku, juu na chini. Dakika mbili zikatosha kujua kwamba sioni upande wa kushoto.

Tangu hapo binti yangu hulaza utepe mwekundu ukingoni kushoto mwa ukurasa. Sianzi mstari mpaka niuone. Asubuhi nachambua maharage kwenye ungo, nikianzia kushoto kabisa. Barabarani napeleka macho kushoto, kupita pale ninapodhani pameisha. Mwanzoni kichwa kiliuma. Leo namaliza ukurasa wa gazeti, polepole.

Upande wangu haujarudi, na simdanganyi mtu. Kinachorudi chenyewe hurudi zaidi miezi ya mwanzo. Wapo wanaoahidi kuurudisha kwa mazoezi ya kompyuta, lakini mwaka 2005 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walipopima kwa makini, mpaka wa upofu haukusogea. Kinachofundishika ni macho kwenda kutafuta. Basi kila aliyepata kiharusi apimwe kwa vidole kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na anayemfundisha kutembea amfundishe na kutazama. Uhaba wa mashine hauzuii utepe na ungo.

Jirani yangu ni dereva wa daladala. Kiharusi kilimpata mwezi uliopita, mkono umepata nguvu, na Jumatatu anataka kurudi kwenye usukani. Nimemwomba kesho apite kwangu, aketi mbele yangu, aniangalie puani.