Tunaujua mwezi kwa ugomvi na nyota kwa ramli

Mwezi wa Januari nilikwenda Kibugu, juu ya mji wa Embu, kumzuru mwalimu mmoja mstaafu aliyesomesha Mombasa miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Mtu wa pwani akiingia Kibugu, la kwanza analolijua ni baridi, na la pili ni chai. Michai imeenea mpaka mwisho wa macho, juu yake ni msitu, na juu ya msitu ni Mlima Kenya wenyewe, mita 5,199, ambao usiku wa kwanza sikuuona kwa ukungu. Usiku wa pili ukungu ukaondoka, na niliyoyaona usiku huo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Baada ya chakula walikuja watoto wa majirani, kiasi cha kumi na watano, wamevaa masweta na kofia za sufi, na nyuma yao wazee watatu wanne. Mwalimu akatoa darubini ndogo yenye miguu mitatu, akaisimamisha uani baina ya banda la ng'ombe na michai, kisha akazima taa ya nje. Hakuna aliyetozwa senti. Kila mtoto alipewa zamu yake kuitazama Mshtarii, na ubavuni mwake miezi minne iliyojipanga mfano wa shanga, ile ile aliyoiona Galileo kule Italia mwaka 1610. Mtoto mmoja alikataa kubanduka. Alipovutwa na wenziwe akauliza, "Mwalimu, miezi hii ilikuwapo hata jana?" Mwalimu akamjibu, "Ilikuwapo kabla ya babu yako. Wewe tu ndiye ambaye hukuitazama."

Mzee mmoja akanyoosha fimbo yake kwenye kile kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana, akasema kwamba jirani zao Wakikuyu wakiziita Kirimira, na zilikuwa zikiwaambia wakulima wakati wa jembe. Mimi nikaruka. Kirimira si ndiyo Kilimia yetu? Neno ni moja, na mzizi wake ni ule ule wa kulima. Hata Waxhosa wa Afrika Kusini huziita isiLimela. Nikawasomea methali yetu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee wakaifurahia sana.

Hapo ndipo Mwalimu aliponigeukia. "Sheikh," akasema, "ninyi watu wa bahari ndio mabingwa wa nyota. Tuonyeshe nyingine."

Wallahi nilitahayari. Niliwaonyesha Suheli, inayong'aa upande wa kusini, kisha nikanyamaza. Mbingu nzima iko wazi juu ya kichwa changu, na mimi, mjukuu wa mabaharia, nimekwisha maneno kwa nyota mbili!

Mjomba wangu alikuwa nahodha. Katika ujana wake alisafiri na jahazi mpaka Ghuba, akienda na kusi na kurudi na kaskazi. Nilipokuwa mtoto akinipandisha darini usiku, akaniambia kwamba Jaa, nyota ya kaskazini, sisi Mombasa hatuioni kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta; lakini chombo kikishaipita Mogadishu kikaendelea, nyota ile huinuka kidogo kidogo kutoka majini, na kadiri inavyopanda ndivyo nahodha anavyojua amefika wapi. Ndiyo maana katika Kiswahili cha wazee jaa ni kaskazini na suheli ni kusini. Pande za dunia walizipa majina ya nyota! Mjomba alinitajia nyingine nyingi, nami nikazisikiliza kama mtoto asikilizavyo, yaani sikio moja liko kwake na jingine liko barazani kwa wenzangu. Alipokufa alizikwa nazo.

Je, sisi watu wa pwani hatuzungumzi nyota tena? Tunazungumza sana, na hapo ndipo pana msiba. Muulize mtu yeyote mjini, "Nyota yako ni ipi?" Atakujibu pale pale: mimi ni Nge, mimi ni Mizani, mimi ni Simba. Wako waliolipa fedha nzuri kwa wapiga ramli waambiwe hivyo. Sasa mchukue mtu huyo nje usiku wa Julai, Nge imelala juu ya vichwa vyetu na mkia wake umejikunja, na moyo wake ni nyota nyekundu isiyojificha, kisha umwambie akuonyeshe. Atatazama kama anayetafuta ufunguo uliopotea. Elimu ya falaki, waliyoitumia waliotutangulia kujua saa za sala, kibla na misimu ya bahari, imeshuka imekuwa biashara ya kumtafutia mtu mchumba na kumjulisha adui yake.

Na mwezi je? Mwezi tunaukumbuka mara mbili tatu kwa mwaka, tena kwa ugomvi. Ikifika tarehe 29 ya Shaabani simu zinalia, huyu kasema umeonekana, yule kasema haukuonekana, na asubuhi nyumba moja ina waliofunga na wasiofunga. Sisemi hapa nani yuko katika haki. Hilo ni la mashekhe, na mimi nimeishia chuoni. Lakini nauliza: katika hao wanaogombana, ni wangapi jioni ile walitoka kwenda kutazama? Wenye elimu ya falaki leo wanaweza kutuambia kwa dakika mwezi utazama saa ngapi, utakuwa upande gani wa jua na utainuka kadiri gani. Hesabu hizo hazilipofui jicho la mtazamaji. Zinamwonyesha pa kutazama, na zinamzuia asije akaapa kwamba ameuona mwezi ambao umekwisha kuzama kabla ya jua.

Kama kuna dini iliyowaelekeza wafuasi wake kutazama juu, ni yetu. Tangu tulipokuwa tukibeba juzuu ya Amma tulihifadhi sura ya Buruji, sura ya Tariki na sura ya Shamsi, na zote zimepewa majina ya mambo ya mbinguni. Kurani imetueleza kwamba nyota zimewekwa ziwaongoze watu gizani, barani na baharini. Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakadhani ni kwa msiba ule, Mtume mwenyewe aliwakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu. Hiyo peke yake yatosha kuzitia moto bao zote za ramli.

Wako watakaosema kwamba kutazama nyota kwa darubini ni mchezo wa Wazungu. Basi nawakumbusha: tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, kiliruka chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kutazama nyota kwa miali ya eksirei. Wamarekani walikitengeneza, Wataliana wakakirusha, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya kikaitwa Uhuru. Wataalamu wa nyota dunia nzima hulitamka neno hilo la Kiswahili mpaka leo. Wavuvi wetu walikisikia kikinguruma, na watoto wa Ngomeni wangapi leo wanajua kilikwenda kutazama nini?

Hoja yangu nyingine ni ya mfuko. Upande wa pili wa Mlima, kule Nanyuki na Laikipia, giza la usiku limekuwa bidhaa. Mgeni analipa alale kitandani nje chini ya nyota. Simlaumu mwenye hoteli, naye anatafuta riziki. Lakini mbingu haina mlango wala bawabu, na itakuwa aibu ikiwa anayetoka London anaijua mbingu ya Ikweta kuliko mtoto aliyezaliwa chini yake. Mbingu yetu ni ya bahati: mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haioni Jaa. Sisi tulio karibu na Ikweta, mwaka ukizunguka, karibu nyota zote hutupitia. Ndiyo maana nawasifu Susan Murabana, Mkenya mwenzetu, na mumewe Chu Owen, ambao tangu mwaka 2014 wanazunguka na darubini mashuleni. Namsifu vile vile Mwalimu wangu wa Kibugu, ambaye hana kampuni wala gari, ana uani tu.

Basi sisi tufanye nini? Mkutano wa kutazama mbingu tunao tayari, tena ni wa miaka elfu na zaidi, nao ni kuutafuta mwezi mwandamo. Naomba kila chuo na kila msikiti wa pwani, ikifika tarehe 29 ya mwezi wowote, si Shaabani peke yake, wawatoe watoto waende ufuoni kabla ya Magharibi. Watazame. Mwezi uonekane au usionekane, baada ya sala wasikimbilie majumbani. Wakae saa moja, taa zizimwe, na mzee aliyebakiwa na majina mawili matatu awafundishe: Kilimia, Suheli, Zuhura, Mirihi, Zohali. Mvuvi anayejua zaidi aketi mbele kama mwalimu. Anayeandika aandike kabla hatujawazika wote. Waambiwe kwamba mwanga wa Kilimia unaoingia machoni mwao umesafiri kiasi cha miaka 440, yaani uling'oa nanga kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593.

Wala wakati si mwingi. Tarehe 2 Agosti 2027, Mungu akitujaalia, jua litapatwa lote juu ya Jeddah na Makka yenyewe, na sisi huku tutapata sehemu yake. Siku hiyo watoto wetu watatuuliza. Tutawajibu kwa elimu na sala ya kupatwa kwa jua, au tutawafungia ndani kwa hofu?

Asubuhi nilipoondoka Kibugu nilimwuliza Mwalimu kaskazini ni wapi, nisali Alfajiri. Akaninyoshea mkono kwenye bega la Mlima. Makka kwa hakika iko upande huo, ikiegemea mashariki kidogo. Na wazee wa Embu nao, toka jadi, walielekea Mlima huo huo walipomwomba Mungu. Tukacheka, nikasali.

Ameniahidi kuja Mombasa na darubini yake. Nimemwambia aje tarehe 29, na nimeanza kuwazungukia wazee wa bandarini nikiwa na daftari, maana sitaki anikute tena na nyota mbili.