Bapa Lisipozunguka: Majibu kwa Madai Kuhusu Jigi za Krapi

Maji ya Ziwa Kentucky yakifika nyuzi 15 hivi za Selsiasi, krapi huanza kusogea kwenye kina kifupi kutaga mayai, na meza za gereji kote magharibi mwa jimbo la Kentucky hujaa waya, mabapa na manyoya. Ni msimu wa jigi za kutengeneza nyumbani: kichwa kidogo cha madini kilichoshika ndoana, mwili wa manyoya au plastiki, na juu yake mkono wa waya wenye bapa linalozunguka jigi inapovutwa. Miongoni mwa wanaojifunza kazi hii wamo ndugu zetu waliohamia Louisville na Lexington kutoka Kongo na Burundi. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kufundishwa uvuvi. Anachohitaji ni kuepushwa na madai yanayorudiwa madukani na kwenye magati hadi yakaonekana kuwa kweli.

Kwa asiyemjua, krapi ni samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini, mwembamba ubavuni mfano wa sato. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi. Mambo mawili kumhusu ndiyo yanayoamua kila kifaa: ngozi ya mdomo wake ni laini mno na huchanika upesi, na maji yakiwa ya baridi hapendi kukimbiza chakula. Anataka kipite karibu naye, polepole, juu kidogo ya macho yake. Jigi isiyoweza kufanya kazi kwa mwendo huo haifai, hata ipendeze namna gani.

Nianze na dai linaloharibu jigi nyingi kuliko mengine yote: kwamba swiveli ni swiveli, chukua ya bei rahisi uweke pesa yako kwenye bapa. Swiveli ni kile kiungo kidogo kati ya waya na bapa, kinacholiruhusu bapa lizunguke. Ya bei ya chini ni ya pipa: vichwa viwili vya waya vimefungiwa ndani ya kijipipa, chuma kikisuguana na chuma. Ya bei ya juu ina gololi ndani. Wauzaji wengi husema gololi ni za wanaovua samaki aitwaye besi kwa mabapa makubwa, na kwamba kuziweka kwenye jigi ya krapi ni kutupa fedha.

Ukweli ni kinyume kabisa. Bapa kubwa la namba 4 hushika maji mengi, na nguvu yake ya kuzunguka inatosha kushinda msuguano wa swiveli mbovu. Bapa la namba 00, lenye urefu wa sentimita moja na kitu, halina nguvu hiyo. Kadiri bapa linavyokuwa dogo, ndivyo msuguano uleule unavyozidi kuwa mzigo kwake. Kwa hiyo anayevua besi anaweza kuishi na swiveli ya pipa. Anayevua krapi hawezi. Ukitaka kuhakikisha, jaza beseni refu au bafu la kuogea maji, shika waya, kisha kokota jigi polepole kadiri unavyoweza bila kusimama. Mara nyingi bapa la swiveli ya pipa litapiga kushoto, litapiga kulia, kisha litaning'inia tu. La gololi litakuwa limeshika mzunguko kabla mkono haujasogea mbali. Kwangu mimi jaribio hilo linamaliza mjadala, na kila jigi inayotoka mezani ipitie hapo kabla ya kuingia sandukuni.

Tazama pia pete inayounganisha swiveli na bapa. Ikiwa nzito kupita kiasi, hulilemea bapa dogo. Na kama unatengeneza jigi ambayo bapa lake huning'inia chini ya kichwa, kwa mtindo wa Road Runner wa kampuni ya Blakemore, swiveli huwekwa ndani ya kalibu kabla ya kumimina. Hapo madini moto yakipenya kwenye kiungo, au rangi ikikiingia baadaye, umeifunga swiveli milele. Ikague kwa ncha ya kidole kichwa kikishapoa, na uikague tena baada ya kupaka rangi.

"Bapa kubwa huita samaki wakubwa." Dai hili lina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayowapoteza watu. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitikisiko ya maji, na bapa pana hutikisa maji zaidi. Katika Ziwa Reelfoot kule Tennessee, lililozaliwa na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1811 na 1812 na ambalo hadi leo limejaa visiki vya misiprasi, maji yakichafuka krapi huhisi bapa kabla hajaliona. Ndiyo maana mimi pia sikubaliani na wanaosema bapa ni la kumeremeta tu.

Lakini bapa hufanya kazi nyingine: hunyanyua. Weka bapa la namba 2 juu ya kichwa cha wakia 1/32, yaani chini kidogo ya gramu moja, na jigi nzima itapanda juu ya maji au italala ubavu. Utaivuta juu ya vichwa vya samaki siku nzima bila kujua. Kwa wakia 1/32 na 1/16, bapa la namba 00 au 0 linatosha. La namba 1 liachie wakia 1/8. Umbo nalo lina uzito wake. Bapa la Colorado, lililo karibu na duara na lenye bonde la kina, huanza kuzunguka kwa mwendo mdogo. La jani la mwerebi, refu na jembamba, linataka mwendo wa kasi ndipo liamke. Anayevuta polepole maji yakiwa ya baridi hana sababu ya kulichagua, ingawa dukani ndilo linalovutia jicho.

Kuhusu rangi ya bapa nitasema machache, kwa kuwa watu wameshasema mengi mno. Dhahabu kwa maji yenye rangi, fedha kwa maji maangavu: kanuni hiyo ya wazee inatosha. Bapa la rangi yoyote linalozunguka linalishinda la rangi sahihi lililokwama.

Kisha kuna dai la ndoana nene. Husemwa kwamba ndoana nyembamba itanyooka na samaki atatoroka, hivyo chagua ya waya mnene. Anayesema hivyo anamfikiria samaki mwingine. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika rekodi ya dunia alivuliwa Ziwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, na yule mweusi Tennessee mwaka 2018. Hakuna kati yao aliyefika kilo 2 na nusu. Samaki wa kawaida wa kwenda naye nyumbani hafiki hata kilo moja. Ndoana nene humlazimu mvuvi kuvuta fimbo kwa nguvu ndipo ichome, na nguvu hiyo ndiyo inayopasua ule mdomo. Ndoana ya Aberdeen ya waya mwembamba, namba 4 au 2, huingia yenyewe kwa mvuto mdogo.

Ina faida nyingine ambayo wapinzani wake huigeuza kuwa kasoro. Krapi hukaa kwenye matawi yaliyozama, na jigi zitanasa. Ukiwa na uzi wenye nguvu ya ratili 8, vuta taratibu: ndoana nyembamba itafunguka, itaachia tawi na kurudi, nawe utaikunja upya kwa koleo. Ile nene itabaki pale chini pamoja na swiveli yako ya gololi. Sharti moja tu: nunua ndoana ya aina ambayo kalibu yako imechongewa. Isiyokaa sawasawa huacha mwanya, na madini huvuja kando.

Hoja ya waya ni hiyohiyo. Waya wa chuma kisichoshika kutu wa unene wa milimita 0.6 hutetemeka na kupeleka mtetemo hadi kwenye kichwa. Ule wa karibu milimita 0.9 ni wa jigi za besi; katika jigi ndogo huua mtetemo na kuongeza uzito juu, mahali usipoutaka.

Sasa nije kwenye dai ambalo sitalijibu kwa upole: "Risasi kidogo namna hii haimdhuru mtu." Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, ni rahisi kupatikana, na kwa sababu hizo wengi huiyeyusha jikoni huku watoto wakipita. Madaktari hawajui kiwango chochote cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama. Watu huogopa moshi peke yake, kumbe hatari kubwa iko pia kwenye vumbi na ile takataka ya kijivu inayokwanguliwa juu ya chungu, ambayo hushika mikononi, kwenye nguo na mezani, kisha ikaingia kinywani. Kazi hii ifanyike nje au penye hewa inayopita, mbali na chakula, kwa chungu ambacho hakitarudi jikoni kamwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Kalibu na vipande vya madini viwe vikavu. Tone moja la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kuirusha usoni mwako.

Na madhara hayaishii gerejini. Kaskazini mashariki mwa Marekani, ndege mzamiaji aitwaye luni humeza jigi na vizito vilivyopotea majini. Risasi hiyo hukaa kwenye firigisi yake, husagwa na changarawe, na kichwa kimoja kidogo chaweza kumuua. Ndiyo maana New Hampshire imepiga marufuku kuuza na kutumia jigi za risasi zenye uzito wa wakia moja kushuka chini. Uingereza ilikwishazuia uuzaji wa vizito vingi vya risasi vya wavuvi mwaka 1987, kwa sababu ya vifo vya bata maji.

Watasema hakuna mbadala unaoweza kuyeyushwa nyumbani. Upo: bismuthi, inayoyeyuka kwa nyuzi 271. Ni ghali zaidi na ni rahisi kuvunjika ikigonga jiwe, hilo nalikubali. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko risasi, kalibu ileile ya wakia 1/16 itakupa kichwa chepesi kwa karibu asilimia 14, na kwa krapi hiyo ni faida, maana kitashuka polepole zaidi. Ila soma lebo kabla ya kununua. Mchanganyiko wa bismuthi na bati unaouzwa kama wa kuyeyuka upesi huweza kulainika kwa nyuzi 138 tu, na rangi ya unga huokwa kwa nyuzi 175 hivi. Ukiuingiza kwenye oveni ya kuokea rangi, utatoa ndoana tupu na madimbwi ya madini kwenye trei. Chagua mchanganyiko unaostahimili joto hilo, au tumia rangi ya maji isiyookwa.

Kuhusu mwili, wapo wanaoapa kwamba penye bapa manyoya hayana kazi, plastiki inatosha. Kwa kuvuta mfululizo nakubaliana nao. Lakini ukisimama katikati ya mvuto, bapa husimama pia, na hapo manyoya laini ya marabu, ambayo siku hizi hutoka kwa bata mzinga, hufunguka na kupumua wakati plastiki nyingi imelala. Krapi wengi humeza wakati huohuo. Funga machache; kifungu kinene hushika maji na kuizuia jigi kushuka.

Limebaki dai la fedha: kwamba kinachotengenezwa gerejini hakina kodi. Ukianza kuuza, kinayo. Kwa sheria ya shirikisho, mtengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa burudani hudaiwa asilimia 10 ya bei yake ya kuuzia, na jigi zimo. Huripotiwa kwa fomu namba 720 ya mamlaka ya mapato. Tangu sheria ya mwaka 1950, fedha hizo hurudishwa kwa majimbo kugharimia vituo vya kuzalisha vifaranga, utafiti wa samaki na njia za kushushia mashua, yaani maji yaleyale tunayovulia. Anayepanga bei ya jigi zake aihesabu asilimia hiyo tangu mwanzo, pamoja na gharama ya gololi.