Maduka ya vitabu yasiachwe yafe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu juu ya kutoweka kwa maduka ya vitabu katika miji yetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Kilosa. Mwaka 2012, nikiwa mwanachuo wa ualimu mjini Morogoro, niliingia katika duka la vitabu kununua daftari la maandalio ya masomo. Mzee mwenye duka aliniuliza nalipenda somo gani zaidi. Nilipomjibu kuwa ni Kiswahili, alinishushia kutoka rafuni "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, akasema, "Chukua mwanangu, utamalizia deni ukija tena." Kitabu hicho sikukikusudia, wala sikujua kuwa kipo. Tangu hapo kila Jumamosi nilipita pale, nikawakuta walimu, wanafunzi na wazee wakibishana juu ya vitabu kwa heshima.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa Darasa la Nne alirudisha kitabu pekee cha hadithi tulichonacho, akiwa amekisoma mara mbili, akauliza, "Mwalimu, kingine hakuna?" Nilifunga safari hadi mjini. Duka lile sasa linauza makava ya simu. Duka jingine nililoelekezwa lilikuwa na kalamu, rula na vitabu vya maswali ya mitihani tu. Nilirudi mikono mitupu.

Ndugu Mhariri, sibezi maendeleo. Vitabu vya kiada siku hizi huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kuletwa shuleni na Serikali, na mzazi amepunguziwa mzigo. Lakini mwenye duka aliyeishi kwa kuuza vitabu hivyo amepoteza mteja wake mkubwa, na vitabu vya hadithi alivyoviweka pembeni vimekwenda naye. Simu nayo ina faida zake, ila humpa mtu kile anachokijua na kukitafuta. Mzee yule alinipa nisichokijua. Tena watoto ninaowafundisha hawana simu.

Hata sisi walimu tujisahihishe. Wakati wa mapumziko ofisini kila mmoja ameinamia simu yake, na mtoto aliyeleta swali husimama mlangoni akingoja tuinue vichwa.

Taifa hili lilipiga vita ujinga kwa nguvu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1977 ikaanza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kisomo kisichopata vitabu ni jembe lisilopata shamba, hushika kutu.

Kwa hiyo napendekeza halmashauri zinapogawa vyumba vya biashara sokoni na stendi, zitenge japo kimoja kwa kodi nafuu kwa ajili ya muuza vitabu, na liwekwe benchi watu wakae wazungumze. Nasi walimu tuwe wateja wa kwanza, hata kwa kitabu kimoja kila muhula.

Mwanafunzi wangu bado anangoja jibu.

Wako katika kazi ya kuelimisha Taifa,
Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.