Sifa za Angkor Haziyalindi Mahekalu Mengine

Atajaye Kambodia hutaja Angkor Wat, hekalu ambalo picha yake imo hata katika bendera ya taifa hilo. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninalolalamikia ni kwamba mahekalu ya Wakhmer yaliyo mbali na macho ya wageni yameachiwa wezi.

Chukua Banteay Chhmar, lililojengwa zama za mfalme Jayavarman wa Saba, karibu na mpaka wa Thailand. Mwishoni mwa 1998 askari, naam, askari walioapa kuilinda nchi, waliubomoa ukuta wake jiwe baada ya jiwe. Januari 1999 polisi wa Thailand walilinasa lori lililosheheni vipande 117. Ukutani palikuwa na michongo minane ya Avalokiteshvara, mwenye mikono mingi, ambaye Wabudha humheshimu kwa huruma yake. Imesalia miwili tu mahali pake.

Huko Koh Ker, uliokuwa mji mkuu kuanzia 928 hadi 944, sanamu ya shujaa Duryodhana ilikatwa miguuni wakati wa vita vya miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilijitokeza New York ikingoja kupigwa mnada; miguu ilikuwa ingali hekaluni. Ilirudishwa 2014 baada ya kesi.

Wapo wanaodai kwamba ughaibuni vitu hivi vilipata hifadhi wakati nchi ikiteketea. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Bila mnunuzi mwenye fedha, nani angejisumbua kubeba jiwe zito msituni? Mkenya aliyesikia jinsi vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa na kuuzwa Marekani anaijua biashara hii.

Hata hivyo, kurudisha pekee hakutoshi. Mawe yaliyonaswa 1999 yalirejeshwa Kambodia, lakini yalipelekwa katika jumba la makumbusho mjini Phnom Penh, na pengo la ukuta likabaki.

Mgeni hulipa dola 37 kuzuru Angkor kwa siku moja, na dola mbili kati ya hizo huenda kwa hospitali za watoto. Utaratibu, basi, upo. Ningependa dola moja nayo itengewe mishahara ya walinzi wa Banteay Chhmar, waajiriwe kutoka kijiji kilicho papo hapo, ambacho wakazi wake huwapokea watalii majumbani mwao.