Jina la Chuo Si Dalili



Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Machi, vyuo vidogo vya Marekani huwapelekea waombaji barua za kuwakubali. Vyuo hivi vya elimu ya jumla, ambavyo vingi vina wanafunzi baina ya 1,000 na 3,000, hushughulika zaidi na shahada ya kwanza, na mwanafunzi husoma lugha, historia, hisabati na sayansi kabla ya kujifunga na fani moja. Miongoni mwa vinavyojulikana sana ni Amherst, Williams, Swarthmore, Carleton na Grinnell. Aliyekubaliwa na viwili au vitatu hupewa muda mfupi wa kuchagua. Kwa desturi ya vyuo vingi, mwisho wa muda huo ni tarehe 1 Mei.

Katika wiki hizo chache kijana wa miaka 18, pamoja na wazazi wake, hujifunga kwa miaka minne, na pengine kwa deni la miaka mingi baada yake. Wamo katika jamaa zetu, walioko Marekani na walioko huku Afrika Mashariki, ambao watoto wao wamefika hatua hiyo. Nasi tunasikitika kuona kwamba wengi huamua kwa swali moja tu: chuo kipi kina jina kubwa zaidi? Huku ni kufuata kwa upofu. Mtu mwenye akili hutaka dalili. Basi na tuzitazame hoja za wenye kufuata jina, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: "Chuo hiki kiko juu katika orodha."

Orodha wanayoitegemea wengi ni ile ya U.S. News & World Report, iliyoanza mwaka 1983. Orodha hiyo ya kwanza ilitokana na kuwauliza wakuu wa vyuo wavionaje vyuo vya wenzao, na hadi leo maoni ya namna hiyo ni sehemu ya alama zinazotolewa. Je, sifa inayosifiwa kwa sababu ilisifiwa jana ni dalili ya nini?

Takwimu nyingine hutolewa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2012 chuo cha Claremont McKenna, huko California, kilikiri kwamba afisa wake mwandamizi wa udahili alikuwa akipeleka alama za mitihani zilizoongezwa tangu mwaka 2005. Chuo cha Reed, huko Oregon, kiliacha kushirikiana na watungaji wa orodha hiyo mwaka 1995, na wanafunzi hawakuacha kukiendea. Ikiwa wenye vyuo wenyewe wamefikia hatua ya kuikataa mizani hii, sisi tunaichukulia kwa hoja gani kuwa ni hukumu ya mwisho?

Hoja ya pili: "Lakini wametupa msaada mkubwa."

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katika barua nyingi za vyuo, neno "msaada" hukusanya mambo matatu yasiyofanana: ruzuku isiyorudishwa, mkopo unaorudishwa pamoja na riba, na ujira wa kazi ambayo mwanafunzi bado hajaifanya. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iitwayo GAO, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki katika barua hizo gharama halisi atakayoibeba mwanafunzi, ama huiandika pungufu ya ilivyo.

Tutoe mfano wa hesabu. Chuo cha kwanza kinagharimu dola 85,000 kwa mwaka, na barua yake inatangaza msaada wa dola 65,000. Chuo cha pili kinagharimu dola 80,000 na kinatoa dola 56,000. Mzazi hutoa haraka haraka, akaona cha kwanza kimebakisha dola 20,000 na cha pili dola 24,000, basi hukimbilia cha kwanza. Lau angesoma ndani, angekuta kwamba katika zile 65,000, ruzuku ni 50,000 tu. 12,000 ni mkopo, na 3,000 ni ujira wa kazi. Chuo cha pili kimetoa ruzuku tupu. Kwa hiyo mzigo wa kweli wa chuo cha kwanza ni dola 35,000, na wa chuo cha pili ni 24,000. Tofauti ni dola 11,000 kila mwaka, yaani 44,000 kwa miaka minne. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali.

Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu deni na inaamrisha liandikwe. Iweje basi watu wa aya hiyo watie saini deni ambalo hata jina lake halikuandikwa waziwazi? Na riba ni riba, hata ikipewa jina la msaada.

Anayetoka nje ya Marekani na aangalie zaidi. Mikopo ya serikali ya huko si yake. Atatakiwa kwenda kwa mkopeshaji binafsi, ambaye kwa kawaida hutaka mdhamini mkazi wa huko. Na viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayesema "atafanya kazi ajilipie" hajui anachokisema.

Hoja ya tatu: "Chuo cha miaka mingi hakiwezi kuanguka."

Jawabu liko katika matukio. Chuo cha Wells, katika jimbo la New York, kiliasisiwa mwaka 1868. Tarehe 29 Aprili 2024, siku mbili kabla ya ile tarehe 1 Mei, kilitangaza kwamba kitafungwa mwisho wa muhula huo huo. Mwezi uliofuata kikafungwa Birmingham-Southern cha Alabama, kilichokuwa na umri mkubwa zaidi, kwani kiliasisiwa mwaka 1856. Marlboro cha Vermont kilifungwa mwaka 2020.

Sababu yake inaeleweka. Chuo kidogo huishi kwa karo na kwa mali iliyowekwa wakfu. Penye wakfu mdogo na wanafunzi wanaopungua, chuo hula rasilimali yake hadi ikaisha. Vyuo vingi visivyo vya faida huwasilisha serikalini kila mwaka taarifa iitwayo Fomu 990, nayo i wazi kwa kila mtu. Mwenye kuuliza hali ya msikiti kabla ya kuuchangia, mbona hamuulizii mwanawe hali ya chuo?

Maswali ya kuuliza

Sisi hatuvipingi vyuo hivi. Fadhila yao ni ya kweli: darasa ni dogo, na anayefundisha ni profesa mwenyewe. Lakini udogo una upande wake wa pili. Idara yenye walimu watatu, mmoja akienda likizo ya utafiti, hupungukiwa na masomo. Kwa hiyo kijana na aulize: katika miaka miwili iliyopita, ni masomo gani ya fani yangu yaliyofundishwa hasa, si yaliyoorodheshwa tu? Je, chuo kina jirani wa kushirikiana naye, kama Swarthmore, Haverford na Bryn Mawr, ambako mwanafunzi wa kimoja huweza kusoma masomo ya vingine? Ruzuku ni ya miaka yote minne, au ya mwaka wa kwanza tu? Karo ikipanda, nayo itapanda? Ijumaa ataswali wapi, na chakula cha halali atakipata?

Kisha asiogope kuomba. Kabla ya kukubaliwa, chuo ndicho kilichokuwa kikichagua. Baada ya kukubaliwa, mwenye kuchagua ni yeye. Inajuzu kuiandikia ofisi ya fedha kwa adabu, kueleza hali ya nyumbani, kuambatisha barua ya chuo kingine na kuomba hesabu itazamwe upya. Wakikataa, hajapoteza kitu.

Enyi wazazi, mnapokaa kushauriana, wekeni barua zote mezani, futeni neno "msaada", na andikeni mahali pake ruzuku, mkopo au kazi. Salini istikhara, nayo isiwe badala ya kuuliza. Mtoto ni amana mikononi mwenu. Msimtwike deni la miaka 20 ili majirani walisikie jina la chuo kwa siku moja.

Wabillahi taufiki.