Sukuma wiki juu ya ghorofa, Kaptembwo

Hapa Kaptembwo nyumba nyingi ni za mabati, na paa la mabati halibebi shamba. Udongo wa kina cha sentimita 10 ukilowa hupita kilo 100 kwa kila mita mraba. Tuanzie kwenye ghorofa za kupangisha zenye paa la zege, ambazo juu pana kamba za nguo na matangi tu. Kwetu, mama mmoja amejaza magunia ya sukuma wiki na dania, udongo akauchanganya na yale mawe mepesi ya volkeno tuliyojaliwa huku Nakuru. Nyufa zilizibwa kwanza, la sivyo maji yangetushukia kitandani. Sasa saa nane mchana chumba chetu hakichomi tena.

Kuhusu kaboni, tuambiane ukweli: bustani ya juu haitapunguza nyingi. Hatuna viyoyozi vya kuzima, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Moshi wetu uko kwenye jiko la makaa. Faida yake iko kwingine: inatupunguzia joto, mafuriko ya barabarani na safari za lori la mboga. Naomba kaunti, inapoidhinisha ghorofa mpya, idai paa lenye nguvu ya kubeba udongo.