Umeme wa Dodoma na Vyombo vya Nyumbani

Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, azma iliyokuwa ikingoja tokea uamuzi wa 1973, watumishi wengi wenye asili ya Unguja na Pemba wamejikuta wakipanga nyumba Kisasa, Ilazo, Nzuguni na kwengineko katika nyanda za kati. Kila mmoja amehama na vyombo vyake. Na sisi watu wa visiwani, tulioona televisheni mwaka 1974, miaka ipatayo ishirini kabla ya ndugu zetu wa Bara, hatuhami bila ya redio, amplifaya na spika za kusikilizia kisomo wakati wa Ramadhani na taarabu usiku wa Ijumaa. Ni haki yetu. Lakini vyombo hivyo vimenunuliwa kwa jasho, na vinaungua.

Kwa sababu hiyo imezuka biashara kubwa ya vidhibiti umeme, ambavyo madukani huitwa stebilaiza, na juu yake imezuka biashara nyengine ya masanduku ya bei kubwa yanayosemwa kwamba husafisha umeme na kuitamusha sauti. Hili la pili tuliseme waziwazi: kwa nyumba ya mtumishi wa kawaida ni israfu. Amplifaya iliyoundwa vyema ina transfoma yake ndani, na ina sehemu za kuugeuza umeme wa mkondo geu kuwa wa mkondo mnyoofu na kuulainisha kabla haujafika kwenye sauti. Ikiwa spika zinavuma, mara nyingi kosa liko katika nyaya zinazounganisha chombo kimoja na chengine, au katika vyombo viwili vilivyochomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbalimbali. Vichomekwe pamoja kwanza, ndipo mtu afikirie kwenda dukani.

Kinachohitajika hasa ni kinga, na kila adui ana kinga yake. Volti inayostahili kufika nyumbani ni 230. Nyumba zinapoongezeka juu ya transfoma moja, na waya ukawa mrefu, volti hushuka magharibi watu wote wanapowasha taa na majiko. Hapo stebilaiza inafaa. Zipo zinazopandisha na kushusha kwa vidato, ambazo husikika zikigonga tak tak. Na zipo zenye mota ndogo inayozungusha mkono juu ya koili. Hizi za pili ni sahihi zaidi, lakini mkono wake husagika kwa kukwaruza, na vumbi la Dodoma halina huruma nao. Kwa redio na televisheni ya kawaida ile ya vidato yatosha.

Ukubwa wake nao usikisiwe. Mnunuzi ajumlishe wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo. Amplifaya ya wati 300, televisheni ya 100 na vidude vyengine vya 50 ni jumla ya 450. Stebilaiza iliyoandikwa VA 1000 itavibeba bila ya kuchoka. Friji isitiwe humo kabisa. Mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake, na stebilaiza ndogo itazidiwa. La muhimu kuliko yote, chombo kiwe na uwezo wa kukata umeme wenyewe volti inapopanda kupita kiasi, na kuchelewesha kurudi kwake kwa dakika chache. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo ya njia tatu, nyumba moja hupata volti chache na ya jirani yaweza kupokea zinazokaribia 400. Stebilaiza isiyojua kukata huteketea pamoja na ilichokuwa ikikilinda.

Ama radi, hiyo haizuiwi na stebilaiza. Kinga ya mshtuko wa ghafla hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuusukuma mshtuko huo uende ardhini, na hapa ndipo tabia ya nchi inapoingia. Unguja ardhi ina unyevu karibu mwaka mzima. Adui yetu kule ni chumvi inayokula viungo vya chuma. Dodoma mvua haifikii milimita 700 kwa mwaka, na takriban yote hunyesha kati ya Disemba na Aprili. Kwa miezi mingi udongo ni mkavu kama kigae, nao udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo fupi ya waya wa ardhi iliyopigiliwa kiangazi kwa haraka ni pambo tu. Na ngurumo za mwanzo wa masika huja udongo ukiwa bado haujalowa. Fimbo ziende chini zaidi, ziwe zaidi ya moja na ziunganishwe. Na mingurumo ikianza, plagi zichomolewe pamoja na waya wa antena.

Wananchi wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa thamani ya umeme. Walikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale walipotegemea waya mmoja wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Majenereta madogo ya siku zile, ambayo volti yake hupanda na kushuka kwa kila taa inayowashwa, yaliua redio nyingi.

Lakini haielekei mzigo huu wote uwe wa mnunuzi. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Wingi wa umeme si hoja tena kama ubora wa umeme unaofika sebuleni. Ofisa anayepokea nyumba za watumishi kutoka kwa mkandarasi aulize waya wa ardhi umepimwa mwezi gani. Ukiwa ulipimwa Machi, aagize upimwe tena Oktoba, kabla ya kutia saini.